SHAHADA YA KOMPYUTA NA LEJA YA CHAMA

Somo kwa Makatibu, Wajumbe wa Bodi na Wanachama

Madhumuni ya somo

Somo hili limetayarishwa ili lisomwe kwa sauti katika kikundi cha kujisomea, fungu kwa fungu, na kujadiliwa. Mwisho wa somo kila mshiriki anatazamiwa aweze:

(a) kueleza mambo yanayofundishwa katika shahada ya kwanza ya teknolojia ya habari na mawasiliano, yaani TEHAMA, na katika kazi ya kutengeneza tovuti;

(b) kutaja mambo ambayo chuo hakiwezi kumfundisha mwanafunzi, na ambayo hapana budi ayapate kwa katibu wa chama;

(c) kumshauri mwanachama anayeomba mkopo wa kumsomesha mtoto wake;

(d) kulinda kumbukumbu za chama zinapohamishwa kutoka katika leja kwenda katika kompyuta.

1. Kwa nini chama kijifunze jambo hili

Kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, Wilaya ya Temeke ilikuwa na watu 1,346,674 na Wilaya ya Kinondoni watu 982,328. Katika kata za pembezoni za wilaya hizo, kama vile Chamazi na Mbagala upande wa kusini, au Bunju na Mabwepande upande wa kaskazini, ni jambo la kawaida mzazi aliye mwanachama wa chama cha akiba na mikopo kufika dirishani kuomba mkopo wa ada, akisema kwamba mtoto wake amechaguliwa kusomea kompyuta. Ni jambo la kawaida vilevile kijana mwenye shahada hiyo kufika katika ofisi hiyohiyo, akiomba kazi ya kukitengenezea chama mfumo wa kumbukumbu.

Mambo hayo mawili yanahusiana. Katika jambo la kwanza chama kinatoa akiba za wanachama ili elimu ipatikane. Katika jambo la pili chama kinakabidhi kumbukumbu za akiba hizo kwa mtu mwenye elimu hiyo. Chama kisichojua elimu hiyo ni kitu gani kitakopesha bila kupima, na kitakabidhi bila kuuliza.

Aidha, kompyuta si hiari tena kwa vyama vya ushirika nchini Tanzania. Tume ya Maendeleo ya Ushirika, iliyoundwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya mwaka 2013, imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi kama MUVU, ambamo taarifa za vyama huingizwa kwa njia ya mtandao. Katibu ambaye jana alifunga mahesabu kwa kalamu na rula, leo anatakiwa kuyapeleka kwa kompyuta.

2. Fundisho la mwaka 1965 na mwaka 1974

Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Katika miaka iliyofuata, kazi ya hesabu za Serikali ilihamishiwa katika mitambo ya namna hiyo kabla ya kupatikana wataalamu wa kutosha wa kuiendesha, na kabla ya kumbukumbu zenyewe kutayarishwa ipasavyo. Matokeo yake hesabu zilivurugika, na gharama zikawa kubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake nchini. Marufuku hayo yalilegezwa baadaye, na mwaka 2003 nchi ilipata Sera yake ya kwanza ya Taifa ya TEHAMA, ambayo ilifuatwa na sera mpya ya mwaka 2016. Mwaka 2009 waya wa mawasiliano upitao chini ya bahari, uitwao SEACOM, ulifika Dar es Salaam, na mtandao wa intaneti ukaanza kuwa wa kasi zaidi.

Yafaa wanachama waelewe vizuri fundisho la historia hiyo. Mitambo haikuwa na uadui na nchi. Kilichopungua kilikuwa watu wenye kuijua mitambo, na watu wenye kuzijua hesabu, walioketi pamoja na kuelewana kabla ya kazi kuanza. Upungufu ulioweza kuisumbua wizara nzima unaweza kukiangusha chama cha wanachama mia tatu katika muda wa mwezi mmoja.

3. Shahada hizi hufundisha nini

Shahada za kwanza za fani hii zina majina mengi: sayansi ya kompyuta, teknolojia ya habari, uhandisi wa kompyuta, mifumo ya habari, na TEHAMA ya biashara. Majina hutofautiana, lakini msingi wake ni mmoja, na unaweza kugawanywa katika mafungu matano.

Fungu la kwanza ni hisabati na mantiki. Mwanafunzi hufundishwa kufikiri kwa hatua, na kuthibitisha kwamba hatua moja yafuata nyingine bila kuruka.

Fungu la pili ni uandishi wa programu. Programu ni orodha ya amri zilizoandikwa kwa lugha ambayo kompyuta hufasiriwa ikaifuata. Lugha zinazotumika vyuoni ni kama C, Java na Python.

Fungu la tatu ni hifadhidata, nalo ndilo lililo karibu zaidi na kazi ya katibu. Hifadhidata ni mkusanyo wa majedwali yanayohusiana. Chama cha akiba na mikopo chaweza kuwa na jedwali la wanachama, jedwali la akiba na jedwali la mikopo. Namba ya mwanachama ndiyo kamba inayoyafunga majedwali hayo matatu pamoja, kama vile namba ya ukurasa wa leja inavyolifunga daftari la fedha na leja yenyewe.

Fungu la nne ni mitandao na usalama: namna kompyuta zinavyopelekeana habari, na namna ya kuzuia asiyehusika asizione wala kuzibadili.

Fungu la tano ni uchambuzi wa mifumo, yaani ufundi wa kuuliza. Mwanafunzi hufundishwa kwenda mahali pa kazi, kutazama kazi inavyofanyika, kuuliza maswali na kuyaandika majibu kabla ya kuandika amri hata moja. Fungu hili wanafunzi wengi huliona jepesi, na ndilo linaloamua kama kazi yao itafaa au itaharibu.

Tena ni vizuri kujua kipimo cha muda. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za mazoezi na za kujisomea. Mwaka mmoja wa masomo una krediti 120, na shahada ya miaka mitatu ina krediti 360, ambazo ni saa 3,600. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake atakuwa mtaalamu kamili kwa mafunzo ya wiki sita, na apige hesabu: saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, kwa wiki sita, ni saa 120. Hiyo ni sehemu moja katika sehemu thelathini za shahada. Mafunzo mafupi yana faida yake, hasa kwa karani anayetaka kujua kutumia mashine, lakini hayawi shahada kwa sababu ya jina lililobandikwa mlangoni.

4. Kazi ya kutengeneza tovuti

Wavuti ni kitu tofauti na intaneti, ingawa watu huyachanganya majina hayo. Intaneti ni njia, yaani waya, mitambo na taratibu za kupelekeana habari. Wavuti ni kurasa zinazosafiri katika njia hiyo. Mwingereza Tim Berners-Lee alitoa pendekezo lake la wavuti mwaka 1989, alipokuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, nchini Uswisi. Mwezi Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba ufundi huo ni huru kwa watu wote kuutumia bila malipo. Ndiyo maana hata leo mwanafunzi wa Tandika anaweza kuanza kujifunza ufundi huo bila kununua kibali cha mtu yeyote.

Ukurasa wa wavuti huandikwa kwa lugha tatu zinazosaidiana. HTML hutaja vilivyomo: hiki ni kichwa cha habari, hii ni aya, hili ni jedwali. CSS huamua sura: rangi, ukubwa wa herufi na mpangilio. JavaScript, iliyotokea mwaka 1995, huupa ukurasa uwezo wa kutenda, kama vile kumwonya mtu aliyesahau kuandika namba yake. Kisha kuna lugha zinazofanya kazi upande wa pili, katika kompyuta inayohifadhi kurasa na kumbukumbu, ambayo huitwa seva. PHP, iliyotokea pia mwaka 1995, ni moja kati ya hizo. SQL ndiyo lugha ya kuiuliza hifadhidata.

Kazi hiyo yaweza kufananishwa na dirisha la keshia. Mwanachama aliyeko nyumbani Chamazi akibonyeza simu yake kuangalia salio, simu hupeleka ombi, kama mtu aliyepitisha kikaratasi dirishani. Seva hulipokea ombi, huuliza kwanza kama mwombaji ni mwenye akaunti, huifungua hifadhidata, husoma salio, na kurudisha jibu. Keshia mzuri hampi mtu salio la jirani yake hata akiombwa kwa upole. Mfumo ulioandikwa vibaya waweza kulitoa kwa yeyote aliyebadili tarakimu moja katika ombi. Kwa hiyo, uzuri wa rangi za ukurasa si kipimo cha ubora wa mfumo. Kipimo ni yale yanayofanyika nyuma ya dirisha.

5. Mfano wa kufundishia: mkopo wa shilingi 1,200,000

Tuseme chama cha akiba na mikopo kilichopo Mbagala kimempokea mwanafunzi wa mwaka wa pili kwa mafunzo ya vitendo wakati wa likizo. Bodi imemtaka atengeneze programu ya kukokotoa riba. Kijana ni hodari, na siku ya nne programu imekamilika. Anakwenda kwenye meza ya katibu.

"Shikamoo, Mama Katibu."

"Marahaba, mwanangu. Umefikia wapi?"

"Imekamilika, Mama. Nitajie mkopo wowote, itakupa riba yake papo hapo."

Katibu anamtajia mkopo wa shilingi 1,200,000, wa miezi 12, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi. Mashine inajibu kwamba riba ni shilingi 144,000. Katibu anaifungua leja, anauonesha mkopo wa kiasi hichohicho uliokwisha kulipwa, na riba iliyolipwa ni shilingi 78,000.

"Mashine yako na leja yangu zinagombana, mwanangu. Tumsadiki nani?"

"Mama, nilikuta imeandikwa asilimia moja kwa mwezi. Nikachukua asilimia moja ya mkopo, ambayo ni 12,000, nikazidisha kwa miezi 12."

"Hesabu yako ni sahihi, ila mkopo huo si wa chama hiki. Soma masharti yetu: riba hutozwa juu ya salio."

Hapo ndipo kosa lilipo, na kila mshiriki afuatane na hesabu kwa kalamu yake. Mkopeshwa analipa shilingi 100,000 za mkopo kila mwezi. Mwezi wa kwanza salio ni 1,200,000, riba ni 12,000. Mwezi wa pili salio ni 1,100,000, riba ni 11,000. Huendelea hivyo kupungua hadi mwezi wa kumi na mbili, ambapo salio ni 100,000 na riba ni 1,000. Jumla ya masalio yote kumi na mawili ni 7,800,000, na asilimia moja yake ni 78,000. Tofauti kati ya hesabu mbili hizo ni shilingi 66,000 kwa mkopo mmoja.

Kama katibu asingeufungua ukurasa ule wa leja, na kama chama kina wakopaji 300 wenye mkopo wa kiasi hicho, kompyuta ingetoza shilingi 19,800,000 zaidi ya haki. Ingefanya hivyo bila kusita na bila nia mbaya, katika karatasi iliyopigwa chapa vizuri, na wanachama wengi wangeisadiki kwa sababu imetoka katika mashine. Karani mlevi hukosea mara moja moja na watu humshuku. Mashine iliyoamriwa vibaya hukosea mara zote, kwa namna ileile, na watu huiheshimu.

Hata hivyo, haitakuwa haki kumwona katibu kuwa ndiye mjuzi peke yake. Katika mfano huuhuu, kijana alipoanza kuingiza majina katika hifadhidata, mashine ilikataa namba 117 kwa mara ya pili. Hifadhidata iliyopangwa vizuri hairuhusu namba moja ya uanachama kutumiwa na watu wawili. Walipotafuta katika daftari waliona kwamba wanachama wawili walipewa namba hiyo kwa miaka tofauti, na kwamba malipo ya mmoja yalikuwa yakiandikwa katika ukurasa wa mwenzake. Kosa hilo lilikuwa limelala katika leja muda mrefu, na mwenye kalamu hakuliona. Katibu aliweka kalamu chini, akamwambia kijana waanze upya kulinganisha daftari lote, jina kwa jina.

Mfano huu unaonesha kiini cha somo. Chuo humfundisha kijana namna ya kuiamuru mashine. Masharti ya chama, desturi zake na sababu za kila safu katika leja hazimo katika mtaala wa chuo chochote. Zimo katika kichwa cha katibu na katika makabrasha ya chama. Mfumo mwema hutokea pale tu elimu hizo mbili zinapokutana mezani kabla ya programu kuandikwa, si baada ya wanachama kulalamika.

6. Njia za kufika chuoni

Zipo njia mbili zinazojulikana. Njia ya kwanza ni ya kidato cha sita. Sharti la jumla ni ufaulu wa masomo mawili ya ngazi ya juu, lakini kila programu huweka masomo yake, na nyingi za fani hii hutaka hisabati au sayansi. Njia ya pili ni ya hatua kwa hatua. Kijana aliyemaliza kidato cha nne na kufaulu angalau masomo manne huanza na cheti, akapanda hadi stashahada, na mwenye stashahada yenye alama nzuri huweza kuomba shahada. Njia hii ni ndefu zaidi, lakini haipaswi kudharauliwa, kwa kuwa mwanafunzi huifikia shahada akiwa amekwisha kushika kazi kwa mikono.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam vyuo haviko mbali, ingawa nauli ya kila siku ni gharama ya kuhesabiwa. Ndaki ya Teknolojia za Habari na Mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ipo Kijitonyama, Kinondoni. Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha kilichoanzishwa mwaka 1972, vipo katikati ya jiji. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina makao yake Kinondoni na hufundisha kwa masafa, jambo linalomfaa karani aliyeajiriwa ambaye hawezi kuacha kazi. Nje ya jiji, Chuo cha Ushirika Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963, kimekuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi tangu mwaka 2014, na kina shahada inayounganisha biashara na TEHAMA. Mwanafunzi wa huko husoma kompyuta katika chuo ambacho ushirika ni fani yake ya asili.

Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, mzazi ahakikishe kwamba chuo na programu yenyewe vimeidhinishwa. TCU hutoa kila mwaka kitabu cha mwongozo wa udahili, chenye orodha ya programu na sifa za kuingilia. Chuo chaweza kuwa halali, na bado programu moja iliyotangazwa isiwe imeidhinishwa. Ngazi za cheti na stashahada husimamiwa na baraza liitwalo kwa kifupi NACTVET.

7. Mkopo wa elimu dirishani

Mwanachama anapoomba mkopo wa kusomesha, kamati ya mikopo isitazame ada ya mwaka wa kwanza tu. Shahada ni ya miaka mitatu, na baadhi ya programu za uhandisi ni za miaka minne. Mkopo unaomfikisha mtoto mwaka wa pili na kumwacha hapo ni hasara kwa mzazi, kwa mtoto na kwa chama. Kwa hiyo mwombaji asaidiwe kuandika mahitaji yote: ada kwa kila mwaka, kompyuta ya mkononi, vifurushi vya intaneti, nauli au pango, na gharama za mafunzo ya vitendo.

Aulizwe pia kama mtoto ameomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Akiupata, mkopo wa chama waweza kuwa mdogo zaidi na ukaziba pengo lililobaki. Lakini mkopo wa Bodi nao ni deni. Mhitimu akiajiriwa, mwajiri hukata asilimia 15 ya mshahara wake na kuipeleka huko. Jambo hili linakigusa chama mara mbili: mzazi asitegemee mshahara wote wa mtoto kulipia mkopo wa chama, na chama kikimwajiri mhitimu mwenye deni hilo, chenyewe ndicho mwajiri, na kina wajibu wa kumkata na kuwasilisha.

Kamati isimwahidi mzazi kwamba shahada ni ajira. Itamke wazi kwamba mkopo utalipwa kutokana na biashara au mshahara wa mwombaji mwenyewe, kwa kipimo kilekile kinachotumika kwa mikopo mingine. Huruma inayozidi kipimo hicho hulipwa na akiba ya mwanachama mwingine.

8. Ufunguo wa mfumo ni wa nani?

Chama kikiamua kutengenezewa mfumo au tovuti, Bodi na ihakikishe mambo yafuatayo kabla ya kutia sahihi.

Kwanza, mkataba useme kwamba programu, maandishi yake ya asili na kumbukumbu zote ni mali ya chama. Jina la tovuti lisajiliwe kwa jina la chama, si kwa jina la fundi. Mara nyingi fundi husajili kwa jina lake kwa sababu ya haraka tu, na akihama, chama hujikuta hakina nyumba.

Pili, maneno ya siri ya mfumo yasikae kwa mtu mmoja. Yaandikwe, yatiwe katika bahasha iliyofungwa kwa lakiri, na kuwekwa katika sefu chini ya watu wawili, kama zinavyowekwa funguo za sefu yenyewe. Yabadilishwe kila mtumishi mwenye kuyajua anapoondoka.

Tatu, nakala ya kumbukumbu itolewe kila siku ya kazi, na nakala moja ihifadhiwe nje ya ofisi. Mara moja kila robo mwaka nakala hiyo ijaribiwe kurejeshwa katika kompyuta nyingine. Nakala isiyowahi kujaribiwa ni matumaini, si nakala.

Nne, mfumo ujaribiwe kwa mikopo iliyokwisha kulipwa, ambayo majibu yake yanajulikana katika leja: mkopo wa kawaida, mkopo uliolipwa mapema, na mkopo uliochelewa. Leja ya mkono iendelee sambamba na mfumo kwa miezi mitatu, na mizania mbili zilinganishwe kila mwisho wa mwezi. Leja isiwekwe kando mpaka zimelingana.

Tano, chama kikumbuke sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Majina, namba za simu, masalio na madeni ya wanachama ni taarifa binafsi. Mwanafunzi wa mafunzo ya vitendo asiruhusiwe kuondoka nazo katika kompyuta yake ili akafanyie mradi wa chuo. Akihitaji mfano, aandaliwe majina na tarakimu za kubuni.

Sita, Mkutano Mkuu uelezwe kwa lugha nyepesi mfumo unafanya nini na umegharimu kiasi gani. Mwanachama ana haki ya kupewa taarifa ya akaunti yake iliyochapwa, na kuonyeshwa jinsi kila tarakimu ilivyopatikana. Mfumo ambao hakuna mtu chamani awezaye kuueleza umewanyang'anya wanachama usimamizi wa mali yao, hata kama hakuna senti moja iliyopotea.

9. Hatua za kuanzia

Chama kidogo hakihitaji kusubiri fedha nyingi. Kinaweza kuanza kwa mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Katibu asafishe daftari la wanachama, kuhakikisha kila mtu ana namba moja na kila namba ina mtu mmoja. Katibu huyohuyo aandike katika karatasi mbili au tatu namna kila hesabu ya chama inavyofanyika, akinukuu kifungu cha masharti. Kisha chama kifanye orodha ya watoto wa wanachama wanaosoma fani hii, na kumkaribisha mmoja wao kwa mafunzo ya vitendo, chini ya usimamizi wa katibu.

Tangu Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwaka 1844, elimu imekuwa nguzo ya ushirika, na leo elimu, mafunzo na habari ni msingi wa tano kati ya misingi saba ya ushirika duniani. Kwa kawaida msingi huo hufasiriwa kuwa chama kinamwelimisha mwanachama. Mwanafunzi akiketi na katibu kwa wiki nane, akajifunza kwa nini riba hutozwa juu ya salio, naye katibu akajifunza kwa nini namba moja haiwezi kuwa na watu wawili, msingi huo unatimizwa pande zote mbili.

Maswali ya kujadiliwa katika kikundi

1. Mwanachama amekopa shilingi 600,000 kwa miezi 6, kwa riba ya asilimia moja kwa mwezi juu ya salio, akilipa 100,000 za mkopo kila mwezi. Riba yote ni kiasi gani? Ingekuwa kiasi gani kama ingetozwa juu ya mkopo wote kila mwezi? (Majibu: 21,000 na 36,000.)

2. Katika chama chenu, ni kifungu gani cha masharti kinachoeleza namna ya kutoza riba? Mgeni akikisoma peke yake, atakielewa kama ninyi mnavyokielewa?

3. Ikiwa karani anayejua neno la siri la kompyuta ya chama ataugua leo, nani mwingine anaweza kuufungua mfumo kesho asubuhi?

4. Mzazi anaomba mkopo wa ada ya mwaka wa kwanza. Kamati imuulize maswali gani matano kabla ya kuujadili?

5. Ni mambo gani katika kazi ya katibu wenu ambayo hayajaandikwa mahali popote? Katibu ayataje, na kikundi kimchague mtu wa kuyaandika kabla ya kikao kijacho.